Mbele ya kumpiga mtu foto, muulize

Kwenye gare ya Kamina hakuna mwenye haraka. Treni ya Lubumbashi inaweza kuchelewa siku nzima, hata zaidi, na watu wanalala pale pale juu ya mizigo yao: mama na watoto, vijana wanaokwenda kutafuta kazi Kolwezi, wachuuzi wa samaki wa kukaushwa kutoka Bukama. Kwa mtu anayependa kupiga foto kama mimi, sura ziko nyingi kuliko siku.

Juzi niliinua telefone mbele ya mama mmoja aliyekuwa anapanga samaki wake. Mwangaza ulikuwa mzuri. Hakupiga kelele. Alijifunika uso na kitambaa, kisha akasema: «Wee tata, unanipika foto ya kufanya nini? Utaenda kuuzisha umasikini yangu?»

Nilikosa jibu, sababu kuna foto moja ambayo bado inanisumbua.

Mimi ni mtu wa sendika, mnajua. Miaka michache iliyopita, kwenye chimbo moja, nilimpiga foto kijana akibeba mfuko wa mawe, miguu bila bote, kichwa bila kofia ya kazi. Hakuniona. Nilitaka wakubwa waone tunavyofanya kazi. Nikaituma kwa grupu yetu ya WhatsApp. Basi, foto haikai pale unapoiweka. Kisha siku tatu kapita alikuwa nayo katika telefone yake. Jina langu halikuonekana popote, lakini uso wa kijana ulionekana wote. Wakasema yeye njo anatoa siri za kazi. Wakamfukuza. Yeye hakujua hata kama foto iko!

Nilimkuta hapa hapa kwenye gare, ameshuka na godoro lake, bibi yake amekuja kumpokea. Nikamweleza yote, nikaomba msamaha. Akaniangalia sana. «Yaya, kama uliniuliza, ningekuambia upike paka miguu.»

Paka miguu. Foto ya miguu ingesema yote niliyotaka kusema.

Sisemi tuache kupiga foto. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga foto baba mmoja aliyeketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa kwa ajili ya kaucho. Foto ile ilionyeshwa Ulaya, ikasaidia wale waliopigana na utawala wa Leopold, na mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwake. Na angalia: jina la baba yule tunalijua mpaka leo, Nsala. Lakini baba zetu wa Union Minière walipigwa foto nyingi, na mara nyingi hakuna aliyeandika majina yao. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, mwaka 2006 alichukua foto za namna hiyo, akawasimamisha wale wazee mbele ya karakana za Gécamines zilizobomoka. Ukiwatazama, unajiuliza: huyu ni babu ya nani?

Kwa hiyo siku hizi ninauliza, jina pia. Vijana wa foto wananiambia: «Ukiuliza, mtu anasimama wima kama yuko kwa studio, uzuri unapotea.» Ni kweli, kwa dakika tano za kwanza. Piga ile ya kusimama, mwonyeshe, mcheke pamoja, kisha kaa. Atarudi kwa kazi yake na kukusahau. Kama jambo lenyewe haliwezi kungoja, piga, lakini nenda kwake palepale umwonyeshe. Akikataa, futa mbele ya macho yake. Na umwambie inakwenda wapi. Mtu anayekubali uiweke katika telefone yako hajakubali Facebook.

Mtu amelala, amelewa, analia maiti, anatolewa kwenye shimo lililobomoka: telefone ibaki mfukoni, hata kama moyo unakuambia hii ni foto kubwa. Mtoto anayeosha mawe, usionyeshe uso wake, hata baba yake akikubali. Na karibu na base ya wanajeshi, ndugu, hapo si adabu tu, ni usalama wako. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inasema maisha binafsi ya kila mtu yaheshimiwe. Lakini nani kati yetu ataenda tribinali kwa ajili ya foto? Tutalindana sisi wenyewe.

Yule mama wa samaki, nilirudi kwake siku ya pili, mikono mitupu. Nikanunua samaki wawili, tukaongea juu ya bei ya mizigo kwenye wagon. Akauliza foto yake iko wapi. Nikamwonyesha telefone: nilikwisha kuifuta. Akacheka. «Basi kuya kesho, nitavaa kitambaa ya muzuri.»

Usiku ule treni ikafika. Asubuhi nilipokuja, pahali pake palikuwa magamba ya samaki tu, na mwenzake wa jirani akaniambia: «Alisema umungojee, atarudia.»