Kabla ya Kulipia Boti ya Faiba, Igonge

Hapa Oyugis ninakofanya kazi, mtu hanunui chungu sokoni kabla ya kukigonga kwa kidole. Kikilia vizuri, analipa. Kikitoa sauti iliyofifia, anajua kina ufa hata kama hauonekani. Lakini mtu huyohuyo akishuka ziwani Kendu Bay, au akija kwetu Shimoni na Lamu, atanunua boti kuukuu ya faiba kwa kutazama rangi tu.

Faiba si kitu kimoja. Ni nyuzi za kioo zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikashikwa na gundi iliyokauka ikawa ngumu. Nyuzi hubeba mzigo. Gundi huzishika pamoja na kuugawa mzigo huo. Bati likigongwa hubonyea, kila mtu akaona. Faiba ikipigwa na mwamba, au ikianguka ikishushwa kwenye lori, hubonyea kisha hurudi ilivyokuwa. Nje utaona mkwaruzo, pengine usione kitu, na kumbe ndani gundi imepasuka na tabaka zimeachana. Ni kama plaiwudi iliyoloa maji: unene upo, nguvu hazipo. Kila wimbi linaloipinda boti hiyo huzidi kulipanua pengo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Boti ikiwa imepandishwa na kukauka, chukua sarafu au nyundo ndogo, uigonge polepole, shubiri kwa shubiri, kutoka omo hadi tezi. Faiba nzima hulia kwa sauti kali na safi. Iliyoachana hutoa sauti butu. Tia alama ya chaki kila sauti inapobadilika, mpaka uone ukubwa wa jeraha. Lakini penye taruma kwa ndani sauti hubadilika pia, kwa hiyo linganisha na ubavu wa pili, mahali palepale. Tazama pia malengelenge sehemu inayokaa majini. Mara nyingi ni dalili kwamba maji yamepenya chini ya ganda la nje.

Kugonga hakufichui kila kitu. Jeraha dogo, au lililo ndani sana, huponyoka. Ndiyo maana ndege kama Boeing 787, ambazo Kenya Airways inazo tangu 2014 na ambazo karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni nyuzi na gundi za namna hii, hukaguliwa pia kwa mawimbi ya sauti, kama yale anayopimwa nayo mama mjamzito.

Tusidharau sauti. Chombo cha kuzamia cha Titan, kilichoangamia tarehe 18 Juni 2023 na watu 5 ndani yake, kilikuwa na mwili wa nyuzi za kaboni. Kishindo kikubwa kilikuwa kimesikika katika safari ya Julai 2022, na vipimo vyake vikabadilika baada ya hapo. Kiliendelea kutumika.

Rai yangu ni kwa BMU zetu, za baharini na za ziwani. Msimu wa kusi, boti nyingi zinapokuwa zimepandishwa, kila moja igongwe na alama zake ziandikwe daftarini, ili mwaka ujao ijulikane kama jeraha limekua. Na muuzaji asiyekubali boti yake igongwe, mwachie boti yake.