Msichana wa Kazi: Je, Umeuliza Umri Wake?

Akina mama wenzangu wa Mbagala, Tandika, Manzese na Tegeta, sote twajua uzito wa kazi za nyumbani. Mama anaamka alfajiri kuwahi daladala au kupanga bidhaa sokoni, na mtoto mchanga hawezi kuachwa peke yake. Ndipo tunapotuma habari kijijini: "Nitafutieni msichana." Siku si nyingi anashuka kwenye basi kutoka Iringa, Singida au Dodoma na kifurushi chake mkononi. Tunamwuliza jina lake na kama anajua kupika. Ni wachache wanaomwuliza alizaliwa mwaka gani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumzuia kwenda shule. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Hebu tujipime. Msichana wa miaka 15 anaamka saa 11 kuwasha jiko la mkaa. Mchana anabeba ndoo za lita 20, na usiku anambembeleza mtoto anayelia. Je, hiyo ni kazi nyepesi? Na shule yake iko wapi?

"Nilidhani ni mkubwa"

Wengi wanaamini kuwa jibu hili linatosha. Halitoshi. Sheria ya 2004 inasema kwamba umri ukibishaniwa mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alichunguza kwanza, na kwamba baada ya kuchunguza alikuwa na sababu ya kuamini kuwa msichana ametimiza umri. Mzigo huo unambana pia yule aliyemtafuta na kumleta, awe shangazi au dalali. Sheria hiyo ilipopitishwa, iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili.

Nami kama muuguzi nawaambieni, macho hayapimi umri. Msichana wa miaka 12 aliyelishwa vizuri huonekana mtu mzima, na wa miaka 17 aliyekulia kwenye njaa huonekana mtoto. Kimo na kifua si cheti.

Namna ya kuhakikisha

1. Omba cheti cha kuzaliwa kabla hajasafiri. Kama hana, omba kadi yake ya kliniki ya utotoni au kumbukumbu za shule aliyosoma.

2. Omba barua ya mtendaji wa kijiji chake, kisha zungumza na mzazi mwenyewe, si aliyemleta tu.

3. Kama anadai ana miaka 18 au zaidi, uliza Kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA.

4. Toa nakala uitunze, na vyeti halisi mrudishie. Ni mali yake.

5. Mtambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa.

Ukigundua kuwa ni mdogo

Usimfukuze! Mtoto aliyetolewa nje na nauli mkononi pale kituo cha mabasi anaweza kuangukia mikono mibaya zaidi ya kazi aliyoiacha. Mlipe haki yake yote, wajulishe wazazi, na umwone afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa ili arudishwe kwa usalama. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.

Akiwa ametimiza umri

Hapo nawe una wajibu wako. Sheria inataka masharti ya kazi yaandikwe: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Kama hajui kusoma vizuri, mweleze mpaka aelewe. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na kuna siku ya mapumziko kila wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo.

Kuhusu mshahara, amri iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala nyumbani kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyelala. Viwango vipya vilitangazwa kuanza Januari 2026, hivyo ulizia ofisi ya kazi au chama cha CHODAWU, kinachowatetea wafanyakazi wa majumbani. Mshahara huo mpe mwenyewe mkononi. Usimpe shangazi yake.

Najua wapo watakaosema kuwa haya yote ni usumbufu, na kwamba mama mwenye kibanda cha mboga hana nafasi ya kukagua vyeti. Lakini huyu ndiye tunayemwachia mtoto wetu na ufunguo wa nyumba. Kuuliza si ujinga, na swali la umri halina gharama. Kwa msichana mwenyewe, swali hilo laweza kuwa tofauti kati ya kurudi darasani na kuumaliza utoto wake jikoni kwetu.