Pasipoti Haisemi Nani Ametoa Ruhusa

Mtoto anaposafiri kwa ndege kwenda nchi nyingine, pasipoti hujibu swali moja tu: huyu ni nani. Swali zito zaidi, kama mtu mzima aliyemshika mkono ana ruhusa ya kuvuka naye mpaka, hailijibu. Afrika Kusini ilijaribu kulijibu. Kuanzia Juni 1, 2015, msafiri wa chini ya miaka 18 alitakiwa kubeba cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi. Akiwa na mzazi mmoja, iwepo pia hati ya kiapo ya ridhaa ya yule aliyebaki, au cheti cha kifo kama ni marehemu. Lengo lilikuwa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto, pamoja na mzazi kumtorosha mtoto, jambo ambalo Mkataba wa The Hague wa 1980 hulishughulikia mtoto akiwa ameshavushwa.

Sekta ya utalii ililalamika kwamba familia zinarudishwa uwanjani, na haikulalamika bure: mwaka 2019 serikali ililegeza masharti kwa watoto wa kigeni. Wengine husema mhalifu hashindwi kughushi karatasi. Kweli, lakini kufuli linalovunjika bado humchelewesha mwizi. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudai cheti hata kwa mtoto aliyefuatana na baba na mama. Anayesafiri na mzazi mmoja, shangazi au peke yake ndiye ahitajiye barua ya ridhaa. Iandikwe mapema, ithibitishwe na wakili, na ibebwe mkononi, si ndani ya sanduku lililokwisha kukabidhiwa kaunta.