Kitufe Chekundu Hubonyezwa Mara Moja

Asubuhi moja ya Februari, mjini Lewiston katika jimbo la Maine, nilishuka ngazi za mbao kuelekea chumba cha chini ya nyumba nikimfuata fundi wa matanuri. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Mwenye shida alikuwa mzee kutoka Uvira, amejifunga blanketi juu ya koti, na nyumba nzima ilikuwa imepoa tangu usiku wa manane. Kabla sijasema neno nilisikia harufu ya mafuta mabichi, ile ya dizeli iliyomwagika gereji.

“Mzee, kile kitufe chekundu umekibonyeza mara ngapi?”

“Mara saba, mwanangu. Kila nikibonyeza linanguruma, halafu linanyamaza.”

Nilipomtafsiria fundi, aliweka begi chini, akazima umeme wa tanuri, akachukua tochi.

Jimbo hilo la kaskazini mashariki mwa Marekani limepokea watu wetu wengi: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma. Kiswahili utakisikia dukani na kanisani. Hufundishwa mengi wakifika, kuanzia basi, benki, shule hadi daktari. Ila tanuri la kupasha nyumba joto, kidude kinachowaweka hai kuanzia Novemba hadi Aprili, mara nyingi hakuna anayewaeleza kinavyofanya kazi. Zaidi ya nusu ya nyumba za Maine hupashwa joto kwa mafuta. Tangi la kawaida hubeba galoni 275, kama lita 1,040, na mafuta yenyewe ni ndugu wa dizeli, yaliyotiwa rangi nyekundu ili yasitumike barabarani, kwa kuwa hayakulipiwa kodi ya barabara.

Aliyewahi kuwasha jiko la mafuta ya taa la pampu tayari ameshajua nusu ya jambo. Mafuta mazito yakiwa dimbwi hayashiki moto kirahisi. Ukitupia kiberiti huenda kiberiti ndicho kikazimika. Ili yawake sawasawa lazima yageuzwe ukungu, matone madogo mno yanayoweza kuchanganyika na hewa. Kazi hiyo hufanywa na kichomeo, yaani ile sehemu yenye umbo la bunduki iliyochomekwa ubavuni mwa tanuri. Mota moja ndogo huzungusha vitu viwili kwa pamoja, feni ya kuleta hewa na pampu ya kuvuta mafuta tangini. Pampu huyasukuma kwa mgandamizo wa ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, na kwenye vichomeo vipya hufika 140 au zaidi, kuelekea kwenye nozeli, kipande cha chuma kinachokaa ndani ya ngumi ya mtoto na chenye tundu usiloliona vizuri bila miwani. Mafuta hutoka humo yakizunguka kama mwavuli wa ukungu. Mbele ya nozeli kuna ncha mbili za chuma zilizovikwa kauri, zimeachana kwa nafasi ya milimita 4 hivi, na katikati yake huruka cheche ya volti 10,000. Hapo ndipo moto unapozaliwa.

Kisha kuna jicho, na hili ndilo ninalotaka kila mpangaji alifahamu. Nyuma ya mrija wa moto kimekaa kioo kidogo chenye kemikali ya kadimiamu inayohisi mwanga. Gizani huzuia umeme, kikiona mwanga huuruhusu upite. Ombi la joto likitoka kwenye kidhibiti cha ukutani sebuleni, tanuri huanza kunyunyiza mafuta na kurusha cheche, huku jicho likitazama. Moto ukiwaka, linatoa taarifa na kazi inaendelea. Usipowaka, kidhibiti cha kichomeo husubiri sekunde 45 kwenye mashine za zamani, sekunde 15 kwenye nyingi mpya, halafu huzima kila kitu na kujifunga. Kitufe chekundu ndicho kinachofungua kifungo hicho. Kwa hiyo tanuri lililojifunga limekataa kuendelea kumwaga mafuta mahali pasipo na moto, na limefanya kazi yake vizuri.

Sasa piga hesabu ya mzee wa Uvira. Nozeli yake ilikuwa ya galoni 0.75 kwa saa, sawa na lita 2.8 hivi. Kwa sekunde 45 hutoka mililita 35. Mara saba, ni robo lita ya mafuta yaliyolala ndani ya chumba cha moto yakisubiri cheche moja tu ikubali. Ingekubali kwenye mara ya nane, mafuta yote yangeshika kwa pamoja. Mlipuko wa aina hiyo huweza kung'oa bomba la moshi na kujaza nyumba masizi hadi kwenye kabati za nguo, na wakati mwingine huchoma nyumba. Vidhibiti vya kisasa hujifunga kabisa baada ya majaribio machache mfululizo, ila katika nyumba kongwe za kupangisha utakutana na vile vya zamani.

Fundi alianza kwa kufyonza mafuta yale kwa matambara na kuyatoa nje. Hakuharakisha, ingawa sote tulikuwa tunatetemeka. Kisha akafungua kichomeo kwa spana, akachomoa mrija wenye nozeli na zile ncha mbili, akaniita nisogee. Kwenye kauri ya ncha ya kushoto palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umejaa weusi wa masizi. Cheche ilikuwa inapenya ufa huo na kukimbilia kwenye chuma badala ya kuruka mbele ya ukungu. Mafuta yalikuwepo, hewa ilikuwepo, umeme ulikuwepo. Cheche ndiyo iliyopotea njia. Kwenye bomba la mafuta ilining'inia kadi ya matengenezo. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya majira matatu ya baridi nyuma.

Akabadilisha ncha zote mbili. Akabadilisha nozeli pia ingawa ilionekana nzima, kwa sababu tundu likichakaa kidogo au likishika uchafu, ukungu huenda upande na moto hulamba ukuta. Filta ya mafuta ilipotoka ilikuwa na tope jeusi na matone ya maji. Chini ya kila tangi hukusanyika maji na mashapo, na bila filta yangefika kwenye nozeli. Akafuta jicho kwa kitambaa kikavu. Kazi ndefu kuliko zote ilikuwa kusugua masizi kwa brashi katika njia za joto. Masizi huzuia joto: tabaka jembamba tu likipaka chuma, joto ulilolinunua hupanda na moshi kwenda kuipasha mbingu ya Maine.

Alipomaliza, akafungua kijiskrubu cha pampu, akatoa hewa iliyoingia kwenye bomba hadi mafuta yakatiririka bila mapovu, ndipo akawasha. Akasubiri dakika kadhaa, akachomeka kifaa kama pampu ya baiskeli kwenye tundu la bomba la moshi, akavuta mara 10 kupitia kipande cha karatasi nyeupe. Doa linalobaki kwenye karatasi hulinganishwa na kipimo cha sifuri hadi 9. Doa la kwanza lilikuwa kijivu. Akaongeza hewa kidogo, akavuta tena, karatasi ikatoka nyeupe. Akapima na gesi za moshi, maana moto unaoonekana mzuri kwa macho unaweza kuwa unazalisha kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huwaua watu usingizini.

Kazi yote ilichukua saa moja na nusu hivi. Ingefanyika Septemba, mzee asingelala usiku ule katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Simlaumu yeye. Hakuna aliyemshusha kwenye chumba kile siku aliyokabidhiwa ufunguo. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi ana wajibu wa kumleta fundi mwenye leseni kila mwaka kabla ya baridi, na wa kumwonyesha mpangaji, kwa lugha anayoielewa, vitu vitatu: swichi ya dharura yenye kibati chekundu, mara nyingi juu ya ngazi, kipimo cha mafuta juu ya tangi, na kitufe kile.

Kwa ndugu zangu mlioko huko: tanuri likizimika usiku, tazameni kwanza kama tangi lina mafuta, kama swichi ya ngazini imewashwa, na kama kidhibiti cha sebuleni kinaomba joto. Kisha bonyezeni kitufe mara moja. Lisipowaka, zimeni swichi na mpigieni fundi simu, hata kama ni saa nane za usiku.