Ruzuku Ndogo kwa Habari za Kijiji: Fedha Inanunua Nini na Hainunui Nini

Katika toleo hili tunajibu swali ambalo kamati za sharika na wafadhili wetu wametuuliza zaidi ya mara moja: kwa nini idara ya miradi inatoa ruzuku kwa vikundi vya habari, wakati visima na zahanati bado vinahitaji fedha?

Tuanze na kisima. Katika kijiji kimojawapo tunakofanya kazi, siku ya uzinduzi wa mradi wa maji waandishi walikuja na msafara wa viongozi, wakapiga picha utepe ukikatwa, wakaondoka na msafara. Nauli na posho yao tulilipa sisi. Mwaka uliofuata pampu ilisimama na akina mama wakarudi mtoni. Hakuna mwandishi aliyefika, maana hakuna aliyemlipia nauli. Ndipo tulipotambua kuwa tulikuwa tunagharamia sherehe, si habari.

Habari za jamii ni nini?

Mkataba wa Afrika kuhusu Utangazaji, uliopitishwa Windhoek, Namibia, mwaka 2001, unataja aina tatu za utangazaji: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Huu wa tatu hufanywa na wanajamii wenyewe, kwa ajili yao na kuhusu maisha yao, bila kutafuta faida. Hapa kwetu mfano unaojulikana ni redio ya Orkonerei, iliyoanza mwaka 2002 huko Terrat, wilayani Simanjiro, katika eneo la wafugaji.

Kutoa ruzuku kwa kazi hii pia si jambo jipya. UNESCO ina mpango wa kuendeleza mawasiliano ulioanzishwa mwaka 1980, ambao husaidia miradi midogo ya vyombo vya habari. Nchini Tanzania, Mfuko wa Vyombo vya Habari ulioanza mwaka 2008 ulitoa ruzuku kwa vyombo na kwa mwandishi mmoja mmoja.

Fedha inatumikaje?

Kikundi huleta andiko fupi lenye maswali ambayo wanakijiji wanataka yajibiwe. Tukiridhika, tunatoa fedha kwa awamu mbili. Zinalipia kinasa sauti, betri, vocha za simu, nauli na mafunzo. Nauli ndiyo inayokula sehemu kubwa, na hilo ni sahihi: habari hupatikana kwa kwenda, kuuliza, kisha kurudi kuuliza tena.

Sheria nazo zizingatiwe. Redio inahitaji leseni ya TCRA. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inaweka masharti ya leseni za magazeti na ithibati za waandishi. Kwa sababu hiyo vijana wetu wanaitwa wakusanya habari, na kazi yao hupitia kwa mhariri wa redio yenye leseni. Upande mwingine, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua moja kama hiyo hufaa kuliko mwezi mzima wa minong'ono.

Habari ilipotugusa

Kikundi cha kwanza kiliuliza kuhusu kisima kile kile: fedha zilizokusanywa kwa kila ndoo ya lita 20 ziko wapi? Waliuliza katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha kipindi kikarushwa. Katika kamati ya maji alikuwamo mzee wa kanisa letu. Wiki hiyo tulipokea ujumbe kutoka usharikani ukitutaka tusimamishe awamu ya pili.

Tulipofungua mkataba wa ruzuku tulikuta kifungu tulichokiandika wenyewe: habari zipitiwe na ofisi yetu kabla ya kutangazwa. Tungekitumia, tungekuwa tumenunua ukimya. Tulikifuta, na awamu ya pili ikalipwa.

Vijana nao walikuwa wamekosea. Hawakumfuata mtunza hazina kabla ya kipindi, naye alikuwa na risiti halali ya kipuri kilichonunuliwa kwa sehemu ya fedha zile. Walisahihisha hewani wiki iliyofuata, kwa jina lake, na mzee huyo alipewa nafasi ya kueleza. Sehemu iliyobaki ya fedha haijapata maelezo hadi leo. Hata hivyo, mapato na matumizi ya maji sasa yanabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa matangazo, na wanaosimama kuyasoma si wachache.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: msichague habari, chagueni watu waaminifu. Hakikisheni kikundi kina akina mama na vijana, kina daftari la fedha linalokaguliwa, na kinamsikiliza anayelalamikiwa kabla ya kutangaza. Habari ikiwagusa ninyi, jibuni kwa risiti.

Kwa wafadhili: mnastahili taarifa ya kila shilingi. Lakini mkitaka kujua kama ruzuku imefanya kazi, msihesabu vipindi tu. Ulizeni ni swali gani la wanakijiji limepata jibu, na je, wakusanya habari wangeweza kuwauliza hata ninyi?

Kisima bila anayeuliza habari zake hukauka mapema. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la mwanzo. Tunakaribisha maoni kutoka kila usharika.