Kioo kikiwa cheusi: mambo ya piloti ya grafiki kwa Linux

Wiki moja kabla ya depo ya memwari, mdogo wetu mmoja wa jeografia alinipigia simu saa nne ya usiku. «Yaya, mashini imekufa. Kioo ni cheusi tii.» Ramani zake zote zilikuwa mule ndani, mimomonyoko ya Kadutu mtaa kwa mtaa, kazi ya miezi sita kwa QGIS. Nikamuuliza swali moja tu: mbele ya kufa, uliandika nini? Akanyamaza kidogo. «Kuna komande moja nilikopi ku intaneti, ya kufanya grafiki iende mbio.»

Mashini haikuwa imekufa. Kesho yake tuliirudisha bila kupoteza hata faili moja, na bila kula mega hata moja. Naandika namna tulivyofanya juu yeye si wa kwanza kunipigia simu ya namna hiyo, na kila mara kuna mtu pembeni ambaye amekwisha kumshauri «fomati tu yote, uanze upya». Mbele ya depo! Shauri la namna ile ni adui.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Sisi wa shule ya Kifaransa tunasema piloti. Wenzetu wa Kampala na Nairobi wanasema draiva. Ni kitu kimoja: programu inayojua lugha ya chipu fulani. Kerneli, ile roho ya Linux, inasema «chora», piloti inatafsiri. Piloti ya Intel haisikilizani na chipu ya AMD, sawa vile Mashi na Kilega si lugha moja hata kama wasemaji wanakutana soko moja pale Kadutu. Ukiweka mtafsiri asiyejua lugha ya chipu yako, hakuna kinachochorwa. Kioo kinabaki cheusi, lakini nyuma yake mashini inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hapo njo watu wengi wanakosea: wanafikiri kioo ni mashini.

Juu ya piloti kuna wafanyakazi wengine. Mesa, iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993, inabeba sehemu kubwa ya piloti za wazi, zile zinazochora vitu vya 3D. Kisha kuna yule anayegawa kioo kati ya programu zako zote: zamani ni X, iliyozaliwa MIT mwaka 1984, na toleo lake la 11 la mwaka 1987 njo bado liko ndani ya Xorg hadi leo, siku hizi ni Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Shikeni majina haya mawili, Xorg na Wayland, tutayarudilia kwa mambo ya projekta.

Sasa, kwa mashini za mkono wa pili tunazonunua hapa Bukavu, nyingi zina chipu ya Intel ndani ya prosesa yenyewe. Kama ni yako, usiguse kitu. Piloti yake, i915, iko tayari ndani ya kerneli. AMD pia ni vile: amdgpu kwa chipu za karibuni, radeon kwa zile za zamani. Shida inaanza na NVIDIA, juu kule kuna njia mbili. Njia ya wazi ni nouveau, iliyoandikwa na watu wa nje kwa kuchunguza kadi zinavyofanya kazi, na njia iliyofungwa ni piloti ya kampuni yenyewe. Mwaka 2012, huko Finland, Linus Torvalds mwenyewe aliinyoshea kampuni ile kidole kibaya mbele ya kamera kwa sababu ya kufunga-funga huko. Miaka kumi baadaye, Mei 2022, ilifungua msimbo wa sehemu ya kerneli, lakini kwa kadi za Turing tu, yaani za 2018 na kuendelea. Za kwetu mara nyingi ni za mbele ya hapo. (Inauma kidogo ukikumbuka kwamba kwenye bodi za vyombo hivi mara nyingi mna tantali, na tantali inatoka kwa koltani, ile inayochimbwa Numbi.)

Kadi za zamani hazikubali piloti yoyote tu. GeForce za 400 na 500 zinataka tawi la 390, na tawi hilo liliachwa mwisho wa 2022. Zile za Kepler, yaani nyingi za 600 na 700, zinaishia tawi la 470, lililoachwa 2024. Ukichukua namba mpya zaidi juu unadhani mpya ni bora, piloti haitaitambua kadi yako hata kidogo. Njo kosa la mdogo wetu: mashini yake ina chipu mbili, ya Intel na kadi ya zamani, na ile komande ilileta piloti ya kadi za kisasa. Nisimcheke sana, mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo mwaka wangu wa pili, tena kwa mega za kuazima.

Tulifanya hivi. Mbele ya kile kioo cheusi tulibonyeza Ctrl+Alt+F3. Maandishi yakatokea, yakaomba jina na neno la siri. Akashangaa: «Kumbe iko muzima!» Tukaandika:

sudo apt purge '^nvidia-.*'
sudo update-initramfs -u
sudo reboot

Kuondoa hakuombi intaneti, ni kuweka njo kunaomba. Mashini ilipowaka tena, ilirudilia piloti za wazi, na QGIS ikafunguka na ramani zake zote.

Kama Ctrl+Alt+F3 inakataa, zima, washa, na ubonyeze Esc (au Shift kwa mashini za zamani) mpaka orodha ya GRUB itokee. Simama juu ya mstari wa kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni kabisa uongeze nomodeset. Kisha F10. Neno hilo linaiambia kerneli isijaribu kupanga kioo yenyewe, itumie kile ilichokikuta. Utaona picha kubwa-kubwa, mbaya, lakini utaona. Halafu unafanya zile komande tatu. Angalisho: nomodeset ni gongo la mgonjwa. Nimekuta watu wameiandika moja kwa moja ndani ya /etc/default/grub na wanaishi mwaka mzima na kioo kisichopunguza mwanga. Iondoe pale, kisha sudo update-grub.

Mbele ya kuweka piloti yoyote, muulize kwanza mashini yenyewe:

lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'

Hapo utaona jina la chipu, na kwenye «Kernel driver in use» piloti inayotumika sasa. Halafu ubuntu-drivers devices itakuambia namba gani inafaa kadi yako. Ikiona kuna ya kupendekeza, inaandika recommended pembeni. Fuata hiyo, si ile ya mtu wa YouTube. Simu yako ikiungwa kwa kebo ya USB inaweza kuleta intaneti, lakini jiandae, piloti ya NVIDIA inakula mamia ya mega. Na kama mashini ina Secure Boot, itakuomba ujitungie neno la siri. Ukiwasha tena kitatokea kioo cha buluu, chagua Enroll MOK na uandike neno lile. Watu wengi wanapita pale haraka, kisha wanalalamika piloti haifanyi kazi.

Je, piloti inafanya kazi kweli? Weka mesa-utils, uandike glxinfo -B. Ukiona neno llvmpipe, maana yake chipu ya grafiki imelala na prosesa njo inachora yote peke yake. Feni inalia, betri inaisha mbio. Kwa mji ambapo moto unakatika bila kuaga, hilo si jambo dogo.

Imebaki siku ya kutetea kazi. Projekta nyingi bado ni za VGA na 1024x768, kwa hiyo tafuta adapta ya HDMI kwenda VGA siku moja mbele, si asubuhi ile. Ukiunga na hakuna picha, jaribu Super+P kwanza. Ikikataa, toka kwa sesheni yako, na pale pa kuandika neno la siri ubonyeze kigurudumu cha chini, uchague Xorg, juu kwa Wayland komande hii haitawali kioo. Andika xrandr peke yake uone majina ya matundu yako, kisha kwa mfano:

xrandr --output HDMI-1 --mode 1024x768 --same-as eDP-1

Mdogo wetu aliijaribu mara tatu nyumbani kwa televizyo ya jirani. Siku yenyewe Super+P ilitosha.

Wale wanaouliza wapi wataipata Ubuntu bila kumaliza forfe: faili ya 24.04 iko kwangu, karibu jiga sita. Kujeni na fleshi ya jiga nane, tupu. Nikisema tupu ni tupu kweli, juu itafutwa yote, na picha za arusi ya dada yako sitaweza kuzirudisha.