Ujira wa Kula Njegere

Tarehe 27 Agosti 1824, katika uwanja wa soko wa Leipzig, Ujerumani, Johann Christian Woyzeck alikatwa kichwa hadharani kwa kumuua mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye. Alikuwa fundi wa nywele za bandia aliyekosa kazi, askari wa zamani, mtu ambaye kuna nyakati alikosa hata pa kulala. Alisema anasikia sauti. Daktari Clarus, aliyepewa na mahakama kazi ya kumpima, aliyasikia hayo yote, akaandika kwamba mshtakiwa ana akili timamu na kwamba kilichomharibu ni maisha yake ya ovyo. Miaka zaidi ya 10 baadaye, Georg Büchner, kijana aliyesomea udaktari, aliigeuza kesi hiyo kuwa tamthilia. Alifariki mwaka 1837 akiwa na miaka 23, akaiacha Woyzeck bila kuikamilisha. Kwangu mimi, ni kazi chache mno za fasihi zinazoonyesha kwa uwazi kama huu njia ambayo ufukara hupita hadi kufika kichwani mwa mtu.

Woyzeck wa jukwaani ana mtoto na Marie, mwanamke ambaye hajafunga naye ndoa. Mshahara wa askari wa kawaida hautoshi. Basi anamnyoa kapteni ndevu, anakata fito vichakani, kisha anajikodisha kwa daktari mwenye majaribio yake: ale njegere tu, siku nenda siku rudi, mkojo wake upimwe, alipwe sarafu 2 za groschen kwa siku. Pesa anazipeleka kwa Marie. Halali vizuri, anakimbia huku na kule, na anasikia vitu chini ya ardhi. Daktari anapoziona dalili hizo hamtibu. Anafurahi, anazipa jina la Kilatini, anamwongezea malipo. Ugonjwa wenyewe umegeuka kibarua.

Wapo watakaosema hoja hii inawadhalilisha maskini, kana kwamba kila asiye nacho ana kasoro ya akili. Hofu yao ni ya haki. Lakini Büchner hasemi hivyo: Andres, askari mwenzake Woyzeck, anaishi kambi hiyohiyo na hasikii sauti yoyote. Wasomaji wa Kiswahili nao watamkumbuka Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, msomi wa chuo kikuu ambaye elimu yake haikumzuia kujiua. Umaskini, basi, si chanzo pekee. Ila Kazimoto anapata wasaa wa kujiuliza maana ya maisha. Woyzeck hapati hata wasaa wa kulala.

Wengine watasema tamthilia si ushahidi. Kweli, peke yake haitoshi. Lakini mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu umaskini na afya ya akili. Ulionyesha kwamba, katika jamii moja, watu wa kipato cha chini kabisa hupatwa na sonona, wasiwasi na maradhi mengine ya kawaida ya akili mara 1.5 hadi 3 zaidi ya wenye kipato cha juu kabisa. Ulionyesha pia kwamba njia ina pande mbili: ugonjwa humpunguzia mtu uwezo wa kuchuma, na umaskini humwongezea ugonjwa. Watu wakipewa fedha, afya ya akili huwa nafuu. Tunachokiona kwa Woyzeck ni namna mambo hayo yanavyotokea ndani ya mwili mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, kumwelewa Woyzeck ni kumsamehe? Anamuua Marie kwa kisu, kwa sababu bastola ni ghali mno kwake. Marie naye ni fukara. Tunamwona akijaribu hereni za zawadi mbele ya kipande cha kioo, maana kioo kizima ni cha wenye uwezo. Büchner amempa nafasi ya kutamani, kuogopa na kusali kabla hajauawa, wala haruhusu taabu za muuaji zimfiche. Clarus alitaka kujua jambo moja tu, kama mtu huyu anafaa kuadhibiwa. Büchner aliuliza pia ni nani waliokuwa wakimwona akidhoofika kila siku, na wakaendelea kumtuma.